Kitako Nilichokipunguza

Mimi si mwindaji. Nimepiga bunduki mara chache sana maishani mwangu, na nikiwekewa nyama ya porini na ya mbuzi nitachagua ya mbuzi. Hata hivyo, kwa miaka mingi wawindaji wa upande wa Kabambare wamekuwa wakiniletea bunduki zao hapa Kasongo nizitengeneze sehemu ya mti. Chuma kina mafundi wake. Mimi ni seremala, nashughulika na kitako, yaani kile kipande ambacho mtu hukiegemeza begani, na pia kipande kifupi kinachoshikwa na mkono wa mbele. Mvua huviozesha, mchwa huvila, pikipiki huvivunja. Wengi wana kalibre duze, yaani bunduki ya namba kumi na mbili, ya mtutu mmoja, waliyoachiwa na baba pamoja na karatasi yake.

Zamani nilikuwa namuuliza mteja swali moja tu: kimevunjika wapi? Siku hizi nauliza mengi mpaka wengine wananuna. Namwambia avue koti, akunje mkono, nipime kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kidole kinachovuta. Namtazama shingo kama ni ndefu au fupi. Namwuliza bega linamuuma siku ngapi baada ya kupiga, na akisema haliumi kamwe, namwomba anionyeshe. Wengi hucheka na kuniuliza kama nimegeuka mganga wa hospitali. Ninawaacha wacheke. Nilijifunza maswali haya kwa bunduki ya shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo.

Dada yangu aliolewa upande wa Wamaza, mji mdogo wa huko huko Kabambare, kwenye ukoo wa wawindaji. Tangu utoto hakuwa mtu wa kutuma salamu. Akikukumbuka anapanda pikipiki, anakuja na matope mpaka magotini, anakaa siku mbili, anagombana na mama juu ya chumvi, anarudi kwake. Siku moja ya kiangazi alishuka mbele ya karakana yangu akiwa na kitu kirefu kilichofungwa ndani ya gunia. Alikuwa amekishika katikati yake na dereva njia nzima.

“Yaya, bwana yangu anasema hii bunduki iko nzito,” aliniambia, maana kwetu yaya ni kaka mkubwa. “Anatembea nayo toka asubui mpaka magaribi, bega inamuuma. Anaomba uipunguze kidogo.”

Nilifungua gunia. Ilikuwa bunduki ya zamani, ya baba wa shemeji, na kitako chake ilitoka nacho huko huko Ulaya. Kilikuwa kinene, kirefu, kipana kwa nyuma kama kiganja kilichofunguliwa, na kule nyuma kabisa kulikuwa na kipande cha mpira kilichokauka na kupasuka. Nilicheka. Nilimwambia dada yangu kwamba Wazungu walikuwa na miti mingi ya kupoteza.

Hapa inabidi nieleze kosa letu, kwa sababu si langu peke yangu. Huku kwetu watu huipima bunduki kwa kuibeba. Kuibeba ni kazi ya siku nzima, kwenye matope, kwenye miinuko, chini ya matawi, na kupiga ni kazi ya kupepesa macho. Kwa hiyo bunduki nzuri ni ile ambayo mtu haihisi begani akitembea. Hakuna aliyewahi kuniletea bunduki akaniomba niiongezee uzito.

Basi niliipunguza. Nilikata vidole vitatu kutoka kwenye urefu, na nilipima kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kuwa mwenyewe hakuwepo. Mimi ni mfupi. Shemeji yangu akiingia kwangu huinama mlangoni, na jambo hilo nililijua vizuri, lakini siku ile halikunijia. Nikakwangua pande zote mbili mpaka kitako kikawa chembamba, nikashusha mgongo wake mahali shavu linapolala, nikakichimba ndani kwa nyuma na kuziba tundu. Ule mpira niliutupa, nikapigilia bamba jembamba la chuma ili kisipasuke kikiangushwa. Dada yangu alikaa pembeni akikusanya maranda ya kuwashia moto wa mama. Nilipomaliza aliinua bunduki kwa mkono mmoja.

“Sasa hata miye naweza kuibeba,” alisema.

Tulifurahi sote wawili. Nakumbuka niliipaka mafuta ya mawese mara mbili ili ing'ae.

Nilichokuwa sijui wakati ule naweza kukieleza sasa kwa maneno machache. Baruti ikisukuma risasi kwenda mbele, inasukuma bunduki kurudi nyuma kwa kiasi kile kile, na huwezi kuibembeleza. Bunduki nzito inameza sehemu ya msukumo huo kabla haujafika kwa mtu. Nyepesi haimezi kitu, inampa mwenyewe wote. Kitako kipana kinausambaza begani, lakini chembamba chenye bamba la chuma kinauweka mahali pamoja, kama kisigino cha mtu aliyekukanyaga. Kikiwa kifupi, mkono haunyooki vya kutosha, mtu anajikunja kuifuata bunduki, na kidole gumba kinagonga pua. Na mgongo wake ukishuka sana, mtutu unaruka juu na mti unapiga mfupa wa shavu. Makosa hayo yote niliyakusanya kwenye bunduki moja, tena kwa upendo.

Miezi miwili ikapita. Habari zilizofika Kasongo ni kwamba shemeji yangu anakosa. Mtu aliyekuwa akipeleka nyama nyumba hadi nyumba sasa alikuwa anarudi na uyoga. Alimkosa funo aliyesimama wazi. Akamjeruhi nguruwe mwitu, akamfuata siku nzima bila kumpata, na baadaye harufu ndiyo iliyowaonyesha watu mahali alipofia.

Kwenye ukoo ule, mwindaji mwenye mkono unaojulikana akikosa mara moja, hawasemi kitu. Akikosa mara nyingi, hawaiulizi bunduki. Wanauliza nyumbani kwake kuna nini. Mume akiwa porini, mke hapaswi kugombana na jirani, hapaswi kupokea mwanaume jikoni, na zaidi ya yote hapaswi kutoka nje ya ndoa. Akitoka nje, risasi ya mume nayo inatoka nje ya njia. Watu wanaosali kila Jumapili wanaliamini jambo hili bila shida, na sikumbuki kama mimi mwenyewe nilikuwa siliamini. Wakaanza kumuuliza dada yangu maswali, kwanza kwa utani, kisha bila utani.

Shemeji alikuja mwenyewe Kasongo na bunduki. Alisema baba yake anataka fundi aitazame mara ya mwisho, ili wajue kwamba shida haitoki kwenye bunduki. Nilimwuliza kama inampiga sana.

“Bunduki iko bunduki,” alijibu. “Baba aliitumia miaka yote, hakulia.”

Ukosi wa shati lake ulikuwa umefungwa mpaka juu, na joto lilikuwa kali. Juu ya kifungo, upande wa kulia, niliona alama ya kijani na njano ikipanda kuelekea shingoni. Niliiona vizuri kabisa.

Tulikwenda kwenye shamba la mama, nje ya mji. Nilielekeza kwenye kichuguu, nikavuta. Kitako kilinipiga shavuni mpaka jicho likatoa machozi, na bamba likanichoma begani mahali pamoja, pale pale palipokuwa na alama yake. Na mimi ni mfupi, ilikuwa saizi yangu. Nilisimama pale nikatafakari mikono yake mirefu ikijikunja kwenye kijiti kile. Sikuhitaji kupiga mara ya pili.

Tuliporudi karakana, tulikuta wawindaji wawili kutoka upande wa Salamabila wamekaa kwenye benchi wakinisubiri, kila mmoja na bunduki yake magotini. Shemeji akaniuliza mbele yao.

“Fundi, unaona je? Shida iko kwa bunduki?”

“Bunduki iko muzima,” nilisema.

Nimejaribu mara nyingi kujitetea juu ya maneno hayo matatu. Nilijiambia nitaitengeneza baadaye kimya kimya, nikipata kisingizio. Nilijiambia kwamba maneno ya watu yatapoa. Ukweli ni kwamba niliogopa wale wawili kwenye benchi. Wangefika Salamabila na kusema kwamba fundi wa Kasongo anaharibu bunduki, na benchi lingebaki tupu. Shemeji alifunga gunia lake akaondoka. Wiki tatu baadaye dada yangu alishuka mlangoni kwa mama akiwa na godoro limefungwa nyuma ya pikipiki.

Hakufukuzwa, kwa maneno yao. Aliambiwa akapumzike kwa mama yake mpaka kikao cha ukoo. Watu wote wanajua maana ya kupumzika kwa mama yako na godoro. Mama alimpa chumba cha kando ya jiko, na kwa kuwa nyumba yangu na ya mama zinatenganishwa na ukuta wa matofali tu, nilimsikia kila asubuhi akifagia. Hakugombana na mama juu ya chumvi. Mvua zikaanza. Mimi niliendelea na kazi zangu, nikatengeneza milango ya watu na vitanda vya watu, na kila nilipomwona niliamua nitasema kesho.

Siku moja tulikuwa barazani kwa mama, yeye akibambua karanga. Bila kuinua kichwa aliniuliza:

“Yaya, mutu anaweza kuharibu uwindaji kwa ndoto?”

Nilimwuliza ndoto gani.

“Niliota kijana mumoja wa zamani, wa mbele ya ndoa. Tulikuwa tunaongea tu. Ilikuwa wakati bwana yangu alianza kukosa. Nafikiri labda ni ile. Kwa kikao nitasema ni ile, ili imalizike.”

Nilijionea haya kuliko nilivyowahi kujionea haya maishani. Alikuwa amejitafuta ndani kote, chumba kwa chumba, na kwa kuwa hakukuta kosa, alikuwa tayari kuwapelekea ndoto. Nilimwambia asiseme neno lolote la ndoto mbele ya mtu yeyote, na kwamba kwenye kikao nitakwenda naye mimi. Akasema sawa. Hata hapo sikumwambia kwa nini.

Nilichukua kipande cha mvule kizito nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya kazi ya kanisa. Nikakichonga kwa makadirio, kirefu kupita kiasi, nikijua kwamba kipimo chenyewe kiko Wamaza. Nikaweka kwenye mfuko tupa, randa, na vipande vya tairi ya pikipiki. Nikaokota pia ganda la risasi iliyokwisha kupigwa, nikalijaza mchanga na kuliziba kwa nta, likafanana kabisa na risasi nzima. Tulisafiri siku nzima kwa pikipiki, tukisukuma kwenye matope zaidi ya kupanda.

Kikao kilikaa asubuhi, nyuma ya nyumba ya baba mkwe wa dada yangu. Mkwe huyo ni mzee mpole, mwindaji aliyestaafu, anayeongea polepole kama mtu anayehesabu mbegu. Alieleza shida, akamwomba dada yangu aseme kama ana neno. Kabla hajafungua mdomo niliomba ruhusa, nikasema kwamba kwanza naomba kumwona shemeji akipiga, mbele ya wote. Walishangaa, ila fundi ni fundi. Tukatundika ungo mkuukuu kwenye mgomba, hatua thelathini. Nikaiweka risasi ndani kwa mkono wangu, nikafunga bunduki, nikampa.

Alielekeza vizuri, mtutu ukatulia kabisa. Halafu akavuta gasheti. Bunduki ilitoa sauti ndogo ya chuma na haikulia, na kwa kuwa haikulia, kila mtu aliona kilichotokea. Macho yake yalijifumba. Bega liliruka mbele kukutana na teke ambalo halikuja. Mtutu ulianguka chini ukaelekea kwenye majani hatua chache mbele ya miguu yake. Kijana mmoja alicheka, kisha akaacha. Shemeji alibaki amesimama akiitazama bunduki.

Nililitoa ganda, nikamwaga mchanga mbele ya mkwe.

“Anafanya vile kila mara,” nilisema. “Risasi ikiwa ya kweli, mulio wake unaficha, hamuoni. Anafumba macho mbele ya kupiga. Nyama itakufa namna gani?”

Mzee aliugusa ule mchanga kwa kidole. “Mutoto wangu anaogopa bunduki ya baba yake?”

“Mwili yake njo inaogopa, Baba. Na miye njo niliifundisha.”

Nikamwomba shemeji afungue shati. Alinitazama vibaya, na alikuwa na haki, lakini alifungua. Bega lote lilikuwa na rangi ya bilinganya iliyooza. Dada yangu ndiye aliyesema, bila kumtazama mtu:

“Nilikuwa namukanda na maji ya moto kila siku. Alinikataza kusema.”

Nikawaeleza yote, vidole vitatu, bamba, mpira nilioutupa, mkono wangu mfupi. Nilikifungua kitako kile nikampa mzee akishike, kisha nikampa kipande cha mvule. Aliviweka kwenye viganja viwili akavipima muda mrefu. Yeye mwenyewe alikuwa amekitumia kitako kile miaka mingi kabla sijakikata, mikono yake ilikumbuka. Alisema hakuwa ameigusa bunduki tangu ampe mwanawe, kwa sababu kwao ukimpa mtu bunduki huirudishi mkononi hata kwa kuisafisha. Kisha akasema kikao kimekwisha, wanawake wapike.

Nilikaa pale siku nne. Nilimpima shemeji kutoka kiwikoni mpaka kidoleni, nikakata mvule kwa kipimo chake, mgongo wake nikaunyoosha ili msukumo uje moja kwa moja begani bila kupanda shavuni, nikaupanua upande wa nyuma na kupigilia tabaka mbili za tairi. Bunduki ikawa nzito kuliko hata ilivyotoka Ulaya. Alilalamika juu ya uzito, nikamwambia abebe. Mara za kwanza aliendelea kuruka, kwa kuwa mwili unasahau polepole. Nikawa nampa risasi bila kumwambia ipi ina baruti na ipi ina mchanga, mpaka siku ya nne mtutu ukaacha kuanguka. Mzee alichinja kuku juu ya bunduki hata hivyo, ili kusibaki mkosi wowote. Sikumpinga.

Siku ya kuondoka nilimkuta dada yangu nyuma ya jiko lake, akimenya mihogo. Jiko lilikuwa lake tena. Nilisimama karibu naye nikisubiri, nadhani, kushukuriwa.

“Yaya,” alisema, “ulijua tangu siku gani?”

Ningeweza kusema tangu siku ile ya karanga. Angeamini.

“Tangu bwana yako alileta bunduki kwangu tuijaribu.”

Kisu kilisimama. Nilimwona akirudi nyuma kichwani, kwenye shamba la mama, wiki tatu za maswali, pikipiki, godoro, jiko la mama, mvua ya kwanza.

“Ile ilikuwa mbele ya miye kutoka hapa,” alisema.

“Ndiyo.”

“Na kule kwa mama ulikuwa unaniona kila siku.”

“Ndiyo.”

Akaendelea kumenya. Baadaye aliniletea chakula kwenye sahani ya wageni, akapiga goti kidogo na kunimwagia maji mikononi, kama anavyofanyiwa mgeni wa heshima. Hakuwa amewahi kunifanyia hivyo tangu tuzaliwe. Nilikula nikamaliza.

Mwezi ule ule shemeji aliua nguruwe mkubwa. Kwa desturi yao, kaka wa mke anapewa mguu wa nyuma, na siku zote mguu huo ulikuwa unaletwa na dada yangu mwenyewe, umefungwa kwa majani, akinung'unika juu ya dereva. Sasa analeta shemeji. Anakuja na bunduki mgongoni, naikagua, tunabadilisha tairi ikichoka. Ananisifia mbele ya wateja walio kwenye benchi, na benchi halijawahi kuwa tupu. Mara ya mwisho alikuja wakati wa kiangazi, njia ikiwa kavu na nzuri. Nilimwuliza habari za nyumbani.

“Dada yako iko muzima,” aliniambia. “Anakutumia salamu.”